Vitufe vya Bi Kopo

Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, lakini mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza angedhani ni la ngoma. Huko nyuma, kwenye chumba cha kuchanganyia rangi, Mama hakuacha kugonga makopo. Akifungua kifuniko, ta-ta. Akifunga, ta-ta. Akimkabidhi mteja kopo lake, hulipiga makofi mawili ubavuni kama anamuaga mtoto anayekwenda shule. Ndiyo maana wateja walimwita Bi Kopo, naye akaitika.

Mkwewe hakuwa na bahati ya jina lenye mdundo. Siku ile alipoletwa dukani, bado ana harufu ya harusi, Mama alimshika mkono akamtembeza kwa wateja: "Huyu ni mkwe wangu." Basi, ikawa imetoka. Mafundi bomba wakamwita Mkwe, waliokuja kununua misumari wakamwita Mkwe, na mumewe naye akiwa na haraka humwita Mkwe, kisha hucheka peke yake.

Kazi ya Mkwe ilikuwa kompyuta. Ilikaa chumba kile kile cha rangi, juu ya meza yenye madoa ya kila namna, kando ya mashine ya kudondosha rangi. Kwenye kioo chake kulikuwa na fomu. Kila rangi kali ilikuwa na kisanduku chake: njano, nyekundu, nyeusi, kijani, na nyingine zilizofuata chini yake. Unaandika idadi ya matone ndani ya kisanduku, unabonyeza palipoandikwa MIMINA, na mashine inayadondosha ndani ya kopo la rangi nyeupe. Fomu inauweka mchanganyiko huo kwenye hifadhidata ya duka, ili mteja akirudi hata baada ya miaka apewe rangi ile ile.

Mama ndiye aliyejua namba. Mteja alileta kipande cha plasta, au kitambaa cha pazia, na Mama alikikodolea macho, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Huyu anataka njano, na nyeusi kiduchu ya kumtuliza." Shida ilikuwa vidole. Viungo vyake vilikuwa vimeanza kuvimba, na namba za kompyuta zimebanana kama meno. Akitaka nne, kidole kinagusa na saba. Akitaka tatu, kinakawia juu yake na zinatoka tatu mbili.

Hivyo ndivyo chumba cha mtoto mchanga wa mwalimu mmoja kilivyokaribia kupakwa rangi ya chura aliyekasirika. Kopo lilifunguliwa, mwalimu akaruka nyuma, na mtoto mkubwa wa Mama, yaani mume wa Mkwe, akaja kutazama.

Mume yule hakuwa na maneno makali. Alikuwa na pumzi. Alivuta hewa yote ya chumbani, akaitoa puani polepole, na kila aliyesimama pale akajiona mdogo kama punje.

"Mama," alisema mteja alipoondoka, "umefanya kazi ya kutosha. Nitakununulia kiti kizuri, chenye mito, ukae nyumbani upumzike."

"Kiti? Nani kakwambia mimi mgonjwa, Bosi?" Alimwita mwanawe Bosi alipotaka kumkumbusha nani alimfuta kamasi.

"Si ugonjwa, Mama. Ni kupumzika."

"Nitapumzika nikifa. Na hata huko nitaanza kwa kuuliza ukuta huu kapaka nani."

Mwanawe akacheka, akaenda zake mbele. Lakini Mkwe alikuwa na tabia ya kutazama mambo mpaka mwisho, hata pale wengine walipodhani yamekwisha. Akamwona Mama anachukua kitambaa na kuifuta meza mahali pasipo na uchafu, akafuta, akafuta.

Moyoni Mkwe aliweka nadhiri mbili. Ya kwanza, kwamba Mama hatawindwa na namba tena. Ya pili, kwamba yeye Mkwe hatakuwa pumzi ya pili ndani ya nyumba ile. Pumzi moja ilitosha.

Akaanza kuifungua ile fomu kwa nyuma, kama mtu anayefungua redio aone sauti inatokea wapi. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini subira haina darasa la mwisho. Duka lilipotulia mchana, alisoma maelekezo ya programu neno kwa neno, akajaribu, akakosea, akafuta, akajaribu. Alichotaka kilikuwa kidogo tu: kando ya kila kisanduku kuwe na vitufe viwili vinono, kimoja cha kujumlisha na kimoja cha kutoa. Ukibonyeza cha kujumlisha, kichukue namba iliyomo kisandukuni, kiongeze moja, kiirudishe. Mtu asiguse namba kabisa.

Siku alipomwita Mama kuvionja, kitufe cha njano kilibonyezwa na hakikufanya lolote. Kikabonyezwa tena. Kimya.

"Kimenuna," alisema Mama.

Mkwe alikaa nacho mpaka akaelewa. Kisanduku kilikuwa kitupu, na kwa kompyuta, kitupu si sifuri. Ukijumlisha moja kwenye pasipo na kitu, unabaki na pasipo na kitu.

"Inabidi kwanza niiambie kwamba kitupu maana yake sifuri," alieleza.

"Sasa hiyo nayo inahitaji kuambiwa?" Mama alishangaa. "Kumbe haina akili, inayo utii tu. Kama yule mume wako alipokuwa mdogo. Nilimwambia achunge maziwa yasimwagike, akayachunga mpaka yakaungua."

Kosa la pili lilikuwa la upande wa kutoa. Mama alibonyeza na kubonyeza, na nyeusi ikashuka chini ya sifuri.

"Mwanangu, hapa inasema tuna upungufu wa matone ya nyeusi. Nikibonyeza MIMINA itafanya nini, itanyonya kopo?"

Walicheka mpaka mteja wa misumari akachungulia. Mkwe akaandika kwamba kikifika sifuri kikome hapo, na vitufe vikawa tayari. Mama akavipigia makofi, mawili, kwenye ubavu wa kioo.

Sasa, lilikuwepo jambo ambalo Mkwe hakulijua wakati ule. Miaka mingi nyuma, duka liliponunua kompyuta yake ya kwanza, fundi aliyeileta alimfundisha Mama neno moja tu: kitu cha kompyuta kinabonyezwa mara mbili. Mama alilipenda neno hilo. Lilifanana naye. "Ni kama hodi," alikuwa akisema. "Anayebisha mara moja hataki kufunguliwa." Kwa hiyo kipanya kilipoingia mkononi mwake, kila kitufe kilipata hodi mbili za haraka, ta-ta. Na kitufe cha kujumlisha, kisicho na akili ila utii, kiliongeza mbili.

Mkwe aliligundua siku alipokuwa anapanga brashi kwenye rafu. Akamwona Mama anabisha hodi kwa nyekundu, na namba ikaruka mbili kwa mpigo. Akabisha tena, ikaruka tena. Mkwe akashusha brashi taratibu.

Kwa mtu mwingine jambo hili ni la sentensi moja: Mama, bonyeza mara moja. Lakini Mkwe alipofungua mdomo aliisikia sentensi hiyo kabla haijatoka, na ilisikika kama pumzi. Nani angemwambia Mama kwamba anabonyeza vibaya, na amebonyeza hivyo miaka yote? Akaufunga mdomo. Jioni hiyo, kabla ya kufunga duka, Mama akiwa mbele anaagana na wateja, aliifungua tena fomu kwa nyuma na kuandika maelekezo mapya: mbonyezo wa pili ukifuata wa kwanza papo hapo, usihesabiwe. Hodi mbili ziwe moja. Akafunga kompyuta akiwa na furaha ya mtu aliyemfunika mwenziwe shuka usingizini.

Kesho yake asubuhi akaingia Brashi.

Brashi alikuwa fundi rangi mrefu, ambaye hakuwahi kupita mlangoni bila kuinama wala kusema bila kutania. Aliweka juu ya meza kipande cha rangi kavu kidogo kama ukucha.

"Bi Kopo, mpenzi wangu wa kwanza," alisema, "kwenye zahanati wamevunja ukuta wa baraza kutoa bomba. Wameuziba kwa plasta mpya. Mganga anataka rangi ile ile ya zamani, asione kiraka. Ukuta huo ulipakwa kabla ya kompyuta kuzaliwa."

Mama alikishika kile kipande, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani wa utotoni. "Nilichanganya mwenyewe, nikaiita chai ya maziwa."

Mumewe Mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alimpenda mama yake, na alipompenda sana ndipo alipohofu sana. Kazi ya zahanati ilikuwa ya ukuta mmoja tu, lakini ukuta wenyewe kila mtu mjini alikuwa anakaa mbele yake akisubiri kuitwa.

"Mama," alisema, "tuwekeane ahadi. Hii ikitoka sawasawa, sitataja tena kiti. Ikikataa, utakubali kukaa."

"Mbele ya shahidi?" Mama aliuliza.

"Mimi shahidi," alisema Brashi. "Na nikipata njaa nitakuwa shahidi wa upande wowote."

"Nimekubali," alisema Mama. "Sogeeni, mnanizibia mwanga."

Alikaa. Miwani ilikuwa juu ya kichwa, kama kawaida yake, kwa sababu hakupenda kuonwa nayo na wateja. Macho hayakwenda kwenye kioo cha kompyuta hata kidogo. Yalitua kwenye kile kipande cha rangi, na mkono ukafanya kazi peke yake, midomo ikihesabu kimya. Njano, ta-ta, ta-ta, ta-ta. Nyekundu. Nyeusi, ta-ta moja peke yake. Mkwe alitazama namba zikipanda moja moja kwa utaratibu, akafurahi ndani kwa ndani. Kazi yake ilikuwa inafanya kazi.

MIMINA. Mashine ikatonatona. Kopo likafungwa, likatikiswa, likarudishwa mezani. Ta-ta, Mama akafungua.

Brashi aliinama, akainua kichwa, akatazama dari.

Ile haikuwa chai ya maziwa. Yalikuwa maziwa yaliyopita karibu na chai yakasalimiana nayo kwa mbali.

Mama alichovya kijiti, akapaka kwenye karatasi, akaipeleka dirishani na kuiweka kando ya kile kipande. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi, alikuwa mfupi kuliko alivyokwenda.

"Namba nilizoweka ni zenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Nazijua kama majina ya wanangu. Basi ni macho. Macho yamekwisha."

Mume wa Mkwe safari hii hakuvuta pumzi. Alisema tu, "Mama, acha, tutaongeza..."

"Ahadi ni ahadi." Na Mama akaanza kufungua kamba za aproni yake. Vidole vilivyovimba havikuweza fundo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia, kwa kuwa kumsaidia kungekuwa kumfukuza.

Mkwe aliutazama mkono ule ukihangaika mgongoni. Kisha akautazama kwenye kumbukumbu yake, dakika chache nyuma, ukibisha ta-ta kwa nyeusi mara moja tu. Moja. Mama hajawahi kuipa chai ya maziwa tone moja la nyeusi. Alikwisha kumwambia, nyeusi ni mbili, moja haisikiki. Kwa nini alibisha ta-ta moja?

Jibu likamfikia.

"Mama, usivue." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Macho yako mazima. Ni mimi."

Wote wakamgeukia.

"Nilibadilisha vitufe jana jioni. Mama, wewe... wewe unabonyeza mara mbili. Kila kitufe. Na kilikuwa kinahesabu zote mbili. Sikutaka kukwambia unakosea, nikaona nikiambie kitufe badala yako. Sasa hodi zako mbili zinahesabiwa moja. Nisamehe. Nilidhani nakusitiri."

Mama aliacha kamba. Alimgeukia mkwewe.

"Kwa hiyo leo kitufe kimeongeza moja moja."

"Ndiyo, Mama."

"Na jana kilikuwa kinaongeza mbili mbili."

"Ndiyo."

"Mimi nilijua kinaongeza mbili mbili!" Mama alipiga meza, ta-ta. "Niliona siku ile ya kwanza kabisa! Nikasema moyoni, maskini mtoto wa watu, kahangaika mchana kutwa, katengeneza vitufe, vimetoka vinaongeza mbili mbili. Nimwambie? Atavunjika moyo. Nikanyamaza. Nikitaka sita, nabisha ta-ta tatu. Nikitaka nne, mbili."

Mkwe alishika mdomo. "Na ukitaka tano?"

Mama akatazama pembeni, kama msichana aliyekutwa na kitu mfukoni.

"Namba witiri nilikwisha kuziacha," alisema.

"Umeziacha?"

"Ningefanyaje? Hazikutoka. Tangu vitufe vije, hakuna aliyepata rangi ya witiri kwenye duka hili. Mwenye tano nampa sita, mwenye saba namshawishi apake choo kwanza."

Brashi ndiye aliyeanza. Alikaa chini kabisa, juu ya mfuko wa saruji, akacheka bila sauti huku machozi yakimtoka. Mkwe akafuata, kisha Mama mwenyewe, ameshika aproni iliyofunguka nusu. Aliyechelewa ni mume. Aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja aliyeificha hodi na mwingine aliyeificha hesabu, akajua vilevile kwamba kitu walichokiogopa wote wawili kilikuwa kinatoka puani mwake.

"Mficha uchi hazai," alisema Mama, akijifuta macho. "Tumefichana heshima mpaka tukazaa maziwa."

"Basi kopo hili limepotea?" mume aliuliza, taratibu.

"Lipotee wapi?" Mama alikwisha kukaa. "Bosi, hesabu gani ulisoma wewe? Limepata nusu. Kilichopata nusu kinaongezewa nusu. Mkwe, nifunge kamba zangu, kisha njoo unihesabie hodi nisije nikakosea."

Mkwe alifunga fundo, akalikaza. Mama akashusha miwani kutoka kichwani, mbele ya Brashi na mbele ya kila mtu, akaivaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akazitazama namba zenyewe. Njano akairudia kama ilivyokuwa. Nyeusi akairudia. Alipofika kwenye nyekundu akasita.

"Chai ya maziwa ya kweli ilikuwa na nyekundu tano," alisema. "Nilitaka kuwapa nne kwa sababu ya vitufe. Zimeshaingia mbili." Akabisha hodi, akabisha, akabisha, na kisandukuni ikasimama tatu, namba witiri, safi kabisa. Mama akaitazama kama anayemwona mgeni aliyetoka mbali. "Karibu nyumbani," aliiambia.

Kopo lilipofunguliwa mara ya pili, Brashi alichukua kijiti mwenyewe na kupaka karatasi. Waliisubiri ikauke. Kisha akaweka kile kipande juu yake, na kwa kuwa kilikuwa kidogo kama ukucha, kilipotea machoni mwake. Alilazimika kukitafuta kwa kidole.

Alasiri alirudi kutoka zahanati, ana chai ya maziwa mpaka kwenye nyusi. Alikwenda moja kwa moja kwa mume wa Mkwe.

"Shahidi nimekuja kutoa ushahidi. Nimepaka, nimekunywa maji, nimerudi, sijui nilipaka wapi. Mganga katoka kaniuliza kazi nitaanza lini."

Mume alichukua kofia yake akatoka, na Mama akamwambia Mkwe, "Mwache, anakwenda kupumua nje." Lakini aliporudi alikuwa amebeba kiti kichwani, chenye mito, kimefungwa na karatasi bado. Alipita nacho katikati ya duka, akaingia chumba cha rangi, akakiweka mbele ya kompyuta na kuiondoa stuli ya zamani aliyokuwa akikalia Mama.

"Nilisema nitanunua kiti," alisema. "Sikusema kitakaa wapi."

"Ulisema nyumbani," Mama alimkumbusha.

"Basi kosa langu nalo limehesabiwa." Akacheka kidogo. Mama akamvuta kwa shati mpaka akainama, akampiga makofi mawili mgongoni, yale ya makopo.

Kilibaki kitu kimoja. Mkwe alimuuliza Mama waziwazi, bila kuzungusha, vitufe avitengeneze vipi: Mama ajifunze kubonyeza mara moja, au hodi mbili ziendelee kuwa moja?

Mama alifikiri. "Hodi zangu ziache. Mkono mzee haufundishwi kubisha. Ila mimi macho yangu huwa kwenye rangi, sioni kama nimesikilizwa. Mtu anabisha, ndani kimya, atajuaje kama wenyewe wapo?"

Mkwe alielewa. Alirudi nyuma ya fomu, na chini ya maelekezo yake akaongeza mstari mmoja wa mwisho: kila namba inapopanda au kushuka, kompyuta itoe mlio mmoja mdogo. Sasa Mama hukaa kwenye kiti chake chenye mito, kipande cha rangi mkononi, uso dirishani, na kule mbele, kati ya misumari na mabomba, Mkwe humsikia akifanya kazi. Ta-ta, tii. Ta-ta, tii. Hodi mbili, karibu moja.